Siku Tatu za Kumngoja Kereng'ende

Watu wakisikia kwamba nimefanya kazi ya wadudu, huniuliza kama napenda vipepeo. Siwapendi. Kipepeo ana sifa za bure. Mdudu niliyemjua mimi ni kereng'ende, tena si hawa wadogo wekundu wanaotua kwenye kamba za nguo. Nasema yule mkubwa wa bwawani, mwenye kifua cha kijani na mkia wa buluu uliopita kidole changu cha kati kwa urefu, macho yake mawili makubwa yamekutana utosini hata huoni pa kusema hapa ndipo paji la uso. Huyo hatui ovyo. Jua likishapanda anashika doria juu ya maji, anakwenda na kurudi, na dume mwenzake akithubutu kuingia eneo lake anafukuzwa mpaka nyuma ya mafunjo. Mume wangu alikuwa akisema huyo ndiye mwanajeshi pekee Uganda nzima anayefanya kazi yake. Aliyasema hayo ndani, mlango umefungwa, na bado nilikuwa namfinya.

Mimi ni wa Kisenyi, mtaa wa Kampala. Wazee wetu walikuja na biashara kutoka pwani, wakaoa, wakajenga, wakasahau kurudi. Nyumbani tulisema Kiswahili, na binti wa nyumba kama ile kwenda kuosha vyupa vya wadudu chuoni, kule kilimani, kulikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Huko ndiko nilikompata mume wangu, Mganda aliyesilimu kwa ajili yangu, na ambaye herufi r haikuwahi kumkalia mdomoni hata siku moja. "Keleng'ende," angesema, nami nicheke mpaka nishike ukuta. "Wewe cheka tu," alinijibu. "Mwenyewe ananielewa." Kazi yake ilikuwa kuwatafuta bwawani. Yangu ilikuwa kuwalea.

Miaka ile ya serikali ya wanajeshi chumba chetu kilikuwa kimebaki na sisi wawili. Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu alifunga masanduku akaenda zake. Walimu walipungua, wengine kwa miguu yao, wengine tuliambiwa tusiulize. Sabuni tuliikata kwa uzi tukagawana, sukari tuliisikia kwa jirani. Lakini mabeseni yalikuwepo, maji ya bomba yalikuwepo siku mbili kwa wiki, na hakuna aliyekuja kutuambia tuache. Basi tukaendelea. Mtu akiendelea na kazi yake, hujidanganya kwamba nchi nayo inaendelea.

Sharti nieleze maisha ya mdudu huyu, maana ndiyo yaliyotufikisha pale tulipofika. Jike hutua kwenye bua la mmea uliosimama majini, huzamisha ncha ya mkia, huchana bua na kutia yai ndani yake, moja moja, bila haraka. Baada ya wiki chache yai linatoa kitu, na kitu chenyewe hakifanani na kereng'ende hata kidogo. Ni kijidude cha rangi ya tope, miguu sita, hakina bawa, sura mbaya. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya uso kama mkono wa mtu aliyekunja kiwiko. Kiluwiluwi wa chura akipita, mkono ule unachomoka, unanasa, unarudi, na wewe unayetazama hujapata hata kupepesa. Samaki wadogo pia anakula. Na pumzi anavutia nyuma, mniwie radhi, anaingiza maji kwa nyuma na kuyasukuma, na akitaka kukimbia anayatema kwa nguvu yakamrusha mbele. Nilipomsimulia mama, alisema astaghfirullah, akanikataza kuendelea kwa sababu watu walikuwa wanakula.

Sisi tulimwita mtoto wa maji. Anakaa humo miezi, anajivua ngozi mara nyingi, kila mara anatoka mkubwa zaidi. Halafu siku moja anaacha kula. Vifuko vya mabawa mgongoni vinavimba, macho yanabadilika, naye anapanda juu na kuchungulisha kichwa nje ya maji. Hapo unajua yamebaki masaa, au siku moja, au mbili. Akipata kijiti anapanda, mgongo unapasuka, na kereng'ende anatoka.

Kwa kawaida hufanya hayo gizani, na sisi tulitaka kumwona mchana. Kwa hiyo tulimnyima kijiti, tukamwekea taa karibu ili adhani bado kuna jua, mpaka tulipokuwa tayari sisi. Hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza. Ya pili ni kwamba akishatoa kichwa, beseni halihamishwi. Mume wangu aliwahi kumhamisha mmoja kutoka dirishani mpaka mezani, hatua nne tu. Yule mdudu alitoka, naam, lakini mabawa yalikunjamana yakakaukia hivyo hivyo, na akatambaa mezani mpaka akafa. Siku ile mume wangu hakula. Tangu hapo, katika chumba chetu, jambo la kutohamisha beseni likawa kama dini.

Jumatatu moja ya msimu wa mvua alishuka Kalerwe, kwenye bwawa lililo nyuma ya soko, na wavu wake na mkebe wa maziwa ya unga wa kutilia watoto wa maji. Wanajeshi walikuwa wameweka kituo pale karibu si muda mrefu, katika nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa nchini. Hakurudi mchana. Alasiri akaja mwanamke anayetuuzia nyanya, amepanda kilima mbio, viatu vya mume wangu amevifunga kwenye gazeti.

"Nnyabo, mama, wamemchukua. Alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Viatu aliviacha kwangu."

Nikavipokea. Sikumbuki kama nilimshukuru.

Jumanne asubuhi nilikwenda, viatu mkononi na matoke kwenye sufuria. Aliyenipokea alikuwa sajini, mtu mzima, mrefu, wa kaskazini, mwenye sauti ya upole ambayo sikuitegemea. Hakunitukana. Alinikalisha kwenye kiti mbele ya meza, akaufunua ule mkebe. Watoto wa maji watatu walikuwa wamekufa kwa joto, wanaelea.

"Mama," akasema, "mimi nazaliwa pembeni ya mto. Kereng'ende mimi najua. Nikiwa mtoto nakamata, nafunga uzi kwa mkia, naruka nayo. Sasa hii iko kereng'ende? Mabawa iko wapi?"

"Bado, afande. Huyu ni mtoto wake. Anakaa majini kwanza, halafu ndiyo anageuka."

Nyuma yangu wakacheka. Mmoja akauliza kama mamba naye hugeuka kuku. Sajini hakucheka.

"Mume yako nasema vile vile. Nasema natafuta kereng'ende. Lakini kereng'ende iko juu, na yeye natafuta chini. Chini ya maji iko nini? Watu wanaficha bunduki chini ya maji. Mimi naona mtu nadanganya mimi."

Na hapo, jamani, ndipo nilipokosea. Ningelia. Ningepiga magoti. Wanawake wote waliokuwa wakienda kwenye vituo vile walijua kwamba huendi pale kubishana, unakwenda kuomba. Mimi nikaona haya kwa niaba ya mume wangu kuitwa mwongo, tena juu ya jambo ambalo alilijua kuliko mtu yeyote katika mji ule. Ulimi ukanitoka.

"Hadanganyi. Nina mmoja chuoni, amekaribia. Nitamleta hapa mezani kwako ageuke, uone kwa macho yako mwenyewe."

Sajini akanitazama. Nadhani alipendezwa. Labda alikumbuka ule uzi wake.

"Sawa. Naleta. Ikigeuka mbele ya macho yangu, mume yako navaa viatu yake naenda nyumbani. Nasema kweli."

"Na mpaka hapo atakuwa hapa?"

"Iko hapa. Nataka kwenda wapi?"

Nikaomba kumwona. Akaniruhusu kusimama kwenye mlango wa ua wa nyuma. Walikuwa wanaume saba au wanane wameketi ukutani, na mume wangu wa mwisho, peku, suruali bado ina tope la bwawa, jicho moja limevimba halifunguki. Nikamwambia kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba nimemwahidi afande kumletea mmoja ageuke.

Aliinua lile jicho zima. "Yule wa beseni la dirishani?"

"Huyo huyo."

Akafikiri. Wallahi, pale ukutani, na uso ule, alifikiri kama tuko kazini. "Usimhamishe mapema," akasema. Halafu askari akanivuta mkono, nami nikaondoka.

Nilipanda kilima nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa mpya wa idara yetu, mtu msomi, mwenye watoto watano. Nikamwomba barua ya mistari miwili tu, kwamba huyu ni mfanyakazi wetu na kazi yake ni kuingia bwawani. Akafunga mlango kwanza. Akaniambia karatasi yenye mhuri wake itarudi kumtafuta yeye. Alilia, mwanamume mzima, akanisihi nisiseme kwamba nimemwona. Sikumchukia siku ile na simchukii leo, ila sijawahi kumwamkia tena.

Basi nikabaki na mdudu. Nilihamia chumbani kwetu, nikatandika mkeka kando ya dirisha. Beseni lilikuwa la bati, limejaa maji nusu, naye alikuwa chini, kwenye tope, hajatikisika. Vifuko vya mgongoni vilikuwa vimevimba. Alikuwa hajala tangu Jumapili. Taa niliiwasha kila jua lilipotua, kwa mafuta ambayo mama aliyatoa kwenye ya kwake, na mafuta ya taa siku hizo yalikuwa ya kubembeleza.

Jumatano asubuhi alikuwa ametoa kichwa. Nilimwona mara tu nilipofungua macho, uso wake mbaya ule uko juu ya maji, ananitazama au hanitazami, mdudu humjui. Nikajua kugeuka kumekaribia. Nikatamani kumbeba saa ile ile, lakini nikaikumbuka kanuni.

Mama alikuja kabla ya adhuhuri, ametoka Kisenyi kwa miguu, amemleta mjomba wangu. Mjomba alikuwa mchinjaji, aliwapelekea wanajeshi nyama, na baadhi ya wakubwa wao walimjua kwa jina. Mbuzi alikuwa tayari amefungwa nje, chini, kwenye nguzo.

"Twende sasa hivi," mama akasema. "Mjomba wako atasema, wewe utalia. Mchukue na huyo jini wako kama lazima."

"Mama, hahamishwi. Ametoa kichwa. Nikimtikisa atatoka kilema, na akitoka kilema watasema mume wangu ni mwongo mbele ya ushahidi."

"Ushahidi!" Mama alipiga makofi. "Mwanangu, nani kakwambia wale wanataka ushahidi? Wale wanataka kuombwa. Nenda kalie!"

"Sajini amenipa neno lake."

"Na kuna sajini mmoja nchi hii?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia hajui kazi yetu, akae na mambo yake. Mjomba akasema basi, mwacheni, mtu na mumewe. Wakateremka na mbuzi wao, wakarudi nyumbani. Nasikia bado kwato zake kwenye saruji, na nikikumbuka natamani kujichapa.

Alhamisi nilikuwa nimeazimia kwenda, kanuni au si kanuni. Lakini alfajiri ikashuka mvua ya baridi, ya kutwa, na mdudu akarudi chini kwenye tope kana kwamba hajawahi kupanda. Hufanya hivyo, baridi humrudisha. Nikawaza: nikimbeba hivi, atakaa kwenye meza ya sajini siku nzima hajageuka, watacheka, watamwaga. Nikasema, siku moja tu zaidi. Nikamtuma yule mwanamke wa nyanya apeleke chakula kituoni, akarudi akasema wamekipokea. Nikamshukuru Mungu. Jioni mvua ilikatika, joto likarudi, na kichwa kikatoka tena.

Ijumaa, jua lilipochomoza, nilimbeba. Sikumweka kichwani. Nililikumbatia beseni kifuani, limefunikwa kitambaa chenye maji, na nikateremka kuelekea Kalerwe hatua kwa hatua kama mtu anayebeba mgonjwa. Njia ya nusu saa nilikwenda saa nzima na zaidi. Watu sokoni walinipisha, nadhani walidhani nimebeba mtoto aliyekufa. Getini askari akachukua sufuria ya chakula niliyoifunga mgongoni kwa kanga, akanifungulia.

Sajini hakuwepo. Waliniambia amekwenda kwake tangu juzi usiku, mtoto wake mgonjwa, atarudi leo. Nikalitua beseni mezani, nikangoja. Alifika amechoka, buti zina vumbi, lakini aliponiona akatabasamu.

"Mama wa kereng'ende! Naleta?"

"Nimeleta, afande."

Nikatia kijiti. Kikaniponyoka mara mbili. Askari wakaja mmoja mmoja, wakazunguka meza, koplo wao mbele. Mdudu akakaa. Akakaa. Mmoja akaanza kupiga mluzi, sajini akamnyamazisha. Halafu mguu mmoja ukagusa kijiti, wa pili, na akapanda, akatoka majini akichuruzika, akasimama juu kabisa, akajikamata barabara.

Nikawaambia wasipumue juu yake, na wakarudi nyuma! Wanajeshi wenye bunduki wakarudi nyuma kwa amri yangu. Ngozi ikakauka ikapauka. Ikapasuka nyuma ya kichwa, ufa mwembamba, na ndani ya ufa kukaonekana kitu cha kijani kibichi. Kifua kikatoka. Macho yakatoka, makubwa kuliko kichwa kilichokuwa kimeyafunga. Miguu ikatoka, na kereng'ende akajilaza nyuma, akaning'inia kichwa chini, tumbo bado limo kwenye ngozi, akatulia hivyo muda mrefu mpaka mmoja akasema amekufa.

"Hajafa," nikasema. "Anapumzika."

Ghafla akajikunja juu, akaishika ngozi yake ya zamani kwa miguu, akavuta mkia wote ukatoka. Mgongoni alikuwa na vipande vinne vilivyojikunyata, vinene, vyeupe. Nilikuwa nasali. Nilisema, ya Rabi, yanyooke tu. Na yakaanza kujaa, polepole, kutoka kwenye shina kwenda nchani, yakarefuka, yakanyooka, hakuna kunyanzi hata moja, mabawa manne yanayong'aa utadhani yamepakwa mafuta. Mkia ukarefuka ukapita kidole changu.

"Toba!" askari mmoja akasema. Sajini alikuwa ameinama, uso wake shubiri moja kutoka kwa mdudu, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Iko kweli," akasema taratibu. "Kumbe mtu ile nasema kweli." Akasimama, akavuta shati lake likakaa sawa, akamwambia koplo, "Leta yule mwalimu ya dudu. Leta na viatu yake."

Koplo hakuondoka. Nikamtazama yeye, nikawatazama wale wengine, na wote walikuwa wanatazama sakafu. Koplo akasema maneno machache kwa lugha ya kwao. Sajini akamuuliza kitu kwa ukali, koplo akajibu kwa sauti ndogo zaidi. Sajini akaketi.

Walijua. Wote waliokuwa wamezunguka ile meza walijua tangu nilipoingia na beseni. Askari wa getini aliyechukua sufuria alijua. Hawakuniambia kwa sababu walitaka kwanza kuona kama atageuka.

"Mama," sajini akasema, bila kunitazama, "gari ya watu ya mjini nakuja jana jioni. Nachukua wote wa ukutani. Jumatano mimi iko hapa mpaka usiku. Jana mimi sikuwa hapa."

"Wamewapeleka wapi?"

Akatikisa kichwa. Gari lile lilikuwa halimrudishi mtu, na mimi na yeye tulijua hivyo. Mume wangu hakurudi, na hakuna aliyenipa hata nguo yake.

Mdudu alikuwa bado kwenye kijiti, anakausha mabawa, hajapata rangi yake ya buluu. Sajini alimtazama, kisha akanitazama mimi, na nasema kwa haki kwamba macho yake yalikuwa na machozi.

"Na wewe, mama," akasema, "mbona haukuleta Jumatano?"